MBUZI WA KAFARA WA CHICAGO: Mpira Mmoja, Shabiki Mmoja na Miaka 13 ya Hasira

Wadau, kama umewahi kukosa hamu ya kula kwa sababu timu yako imefungwa dakika za mwisho, stori hii inakuhusu. Ile hali ya kuzima data ili usione status za watu. Ile ya kupita njia ya nyuma kurudi nyumbani ili usikutane na washkaji wa kijiweni. Sasa chukua maumivu hayo, yazidishe kwa miaka 95, halafu mtafute mtu mmoja tu aliyekaa jukwaani umtwishe yote. Hicho ndicho kilichotokea Chicago, Marekani, usiku wa tarehe 14 Oktoba 2003.

Aliyetwishwa hakuwa mchezaji, wala kocha, wala refa. Alikuwa shabiki mwenzao, kavaa kofia ya timu yao, hedifoni masikioni, anasikiliza redioni mechi ileile aliyokuwa anaitazama. Jina lake lilitangazwa dunia nzima, lakini hapa halitaandikwa, kwa sababu kitu alichokuwa anakitaka tangu siku ile ni kuachwa aishi maisha yake. Mwite tu jamaa wa hedifoni.

TIMU YA KURITHI

Chicago Cubs ni timu ya besiboli. Walichukua ubingwa mwaka 1907, wakarudia 1908. Ubingwa unaamuliwa kwenye fainali inayoitwa World Series: bingwa wa ligi moja kubwa anakutana na bingwa wa ligi nyingine, wanacheza mpaka mechi 7, wa kwanza kushinda 4 anabeba. Baada ya 1908, kimya. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaja ikapita. Ya Pili ikaja ikapita. Binadamu akatembea mwezini. Cubs bado hawana kitu.

Uwanja wao, Wrigley Field, ulifunguliwa mwaka 1914, na ukuta wake wa nyuma umefunikwa na majani yanayotambaa. Mpaka mwaka 1988 ulikuwa hauna taa, kwa hiyo mechi zote za nyumbani zilichezwa mchana. Watoto wakitoka shule wanakuta mechi inaendelea kwenye TV, babu yuko kwenye kochi, wanakaa naye. Ndo maana mapenzi ya Cubs yalikuwa ya kurithi. Babu anampa baba, baba anampa mtoto, na pamoja na mapenzi anampa na uchungu wake. Kila msimu ukiisha vibaya walikuwa na msemo wao mmoja wa kujifariji: subirini mwakani.

Mwakani ikawa inakuja, inaondoka, na msemo unabaki palepale.

MBUZI MWENYEWE ANAINGIA

Mtu akiumia sana anatafuta sababu. Cubs walipata ya kwao mwaka 1945.

Mwaka huo walifika World Series dhidi ya Detroit Tigers, na walikuwa wanaongoza mechi 2 kwa 1. Siku ya mechi ya nne, mhamiaji mmoja kutoka Ugiriki, Billy Sianis, mwenye baa mjini Chicago, akaja uwanjani na tiketi mbili: moja yake, moja ya mbuzi wake. Ndiyo, mbuzi kabisa, wa manyoya na pembe. Mbuzi akatolewa nje, eti ananuka. Inasimuliwa kwamba Sianis alikasirika akatamka kuwa Cubs hawatashinda tena. Siku hiyo Cubs wakapigwa, na mwisho wa siku World Series ikaenda Detroit kwa mechi 4 kwa 3.

Kuanzia hapo ikawa kila balaa ni mbuzi. Mwaka 1969 Cubs waliongoza kundi lao karibu msimu mzima, halafu mwezi wa tisa wakaporomoka kama mkeka wa timu kumi. Kwenye mechi moja New York, paka mweusi akakatiza mbele ya benchi lao, picha ikapigwa, watu wakasema umeona? Mwaka 1984 walikuwa wanahitaji ushindi mmoja tu katika mechi tatu dhidi ya San Diego ili waende World Series. Wakapoteza zote tatu. Katika ile ya mwisho, mpira mwepesi ulipita katikati ya miguu ya Leon Durham, mlinzi wa kituo cha kwanza. Mbuzi tena!

Ukiangalia kwa makini, laana ilikuwa inawasaidia. Ukisema ni mbuzi, huna haja ya kumchukia mtu. Huna haja ya kusema timu yako ilikuwa mbovu, au viongozi hawakusajili vizuri. Unacheka, unaagiza kinywaji, unasema subirini mwakani. Mbuzi alibeba mzigo mzima na hakuwahi kulalamika.

Shida ilianza pale mashabiki walipompata mbuzi mwenye miguu miwili.

BESIBOLI KWA DAKIKA MOJA

Kwa wasioujua mchezo: timu moja inarusha na kulinda, nyingine inapiga kwa gongo. Mpigaji akiupiga vizuri anakimbia kwenye vituo vinne. Akimaliza vyote vinne na kurudi alipoanzia, timu yake imepata pointi moja. Walinzi wakiudaka mpira aliopiga kabla haujagusa ardhi, mpigaji katolewa. Wakitolewa watatu, timu zinabadilishana. Kila timu inapiga ngwe 9.

Kuna mistari miwili pembeni. Mpira ukipigwa nje ya mistari haukupi kituo, lakini mlinzi akiuwahi akaudaka hewani, bado umetolewa. Ndo maana utaona mlinzi anakimbilia mpaka ukingoni mwa jukwaa, anaruka, mkono unaingia kwa watazamaji. Na sheria iko wazi: mpira ukishavuka ukingo na kuingia upande wa jukwaa, mlinzi anaudaka kwa hatari yake mwenyewe. Shabiki naye ana haki ya kuushika. Mashabiki wanaupenda kwelikweli mpira huo, kwa sababu ukiudaka ni wako, unaenda nao nyumbani.

Hayo tu yanatosha.

WATU WATANO TU

Oktoba 2003, Cubs wako kwenye mtoano wa kuingia World Series dhidi ya Florida Marlins. Hapo kuna kitu kinachouma peke yake: Marlins walianza kucheza mwaka 1993 na tayari walikuwa wameshachukua ubingwa mwaka 1997. Timu changa kabisa ina kombe, Cubs wana miaka 95 ya kusubiri.

Cubs wanaongoza mechi 3 kwa 2. Mechi ya sita iko nyumbani, Wrigley Field, ndani watu karibu 40,000, nje maelfu wengine wamejaa mitaani wanasubiri kulia kwa furaha. Ngwe ya nane, Cubs 3, Marlins 0. Mrushaji wao kijana, Mark Prior, anatisha, Marlins hawamuoni. Mmoja keshatolewa. Wakibaki kutolewa watu watano tu, Cubs wako World Series kwa mara ya kwanza tangu yule mbuzi.

Luis Castillo wa Marlins anapiga mpira. Unapaa juu kuelekea pembeni kushoto, nje ya mstari, unashuka ukingoni mwa jukwaa. Mlinzi Moisés Alou anakimbia, anaruka, glovu juu. Watu kadhaa wa safu ya mbele wananyoosha mikono kama mtu yeyote angefanya. Mkono wa jamaa wa hedifoni ndo unaougusa. Mpira unadunda, unapotelea kwa majirani. Alou anatua chini, anapiga glovu yake kwa hasira, anamkodolea macho. Refa anasema hakuna kosa, mpira ulishavuka kuingia jukwaani.

Bado Cubs wanaongoza 3-0. Bado wanahitaji kutoa watu watano. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba Castillo bado yuko pale na gongo lake.

Sasa angalia kilichofuata, na hesabu ni mara ngapi jamaa wa hedifoni anatokea.

Prior akarusha vibaya, Castillo akapewa kituo cha kwanza bure na mwenzake akasogea. Iván Rodríguez akapiga, ikawa 3-1. Miguel Cabrera akapiga mpira wa chini, mwepesi, moja kwa moja kwa Alex Gonzalez, mlinzi wa Cubs aliyesifika kwa mikono salama. Ule mpira ulikuwa wa kuwatoa hata wawili kwa mpigo na kuimaliza ngwe pale pale. Ukamponyoka. Derrek Lee akapiga, 3-3. Kocha ndo kwanza anamtoa Prior na kuingiza mrushaji mwingine. Haikusaidia. 4-3. Halafu 7-3. Halafu 8-3.

Pointi nane kwenye ngwe moja. Jamaa wa hedifoni hakurusha hata mpira mmoja.

USIKU WA JAMAA

Wakati huo Wrigley Field haikuwa na skrini kubwa ya marudio. Waliokuwa upande wa pili wa uwanja hawakuelewa hata kimetokea nini. Lakini nyumbani TV ilirudia tukio lile mara kwa mara, kwa mwendo wa taratibu, uso wake mkubwa kwenye kioo. Waliokuwa na redio na simu wakapeana habari. Vidole vikaanza kumnyooshea. Matusi yakaimbwa kwa pamoja kama wimbo wa timu. Vikombe vya bia na vyakula vikaanza kumtua kichwani.

Yeye alikaa tu. Kwenye picha za siku ile unamuona anaangalia mbele, hedifoni masikioni. Fikiria hilo kidogo: redio aliyokuwa anaisikiliza ilikuwa inatangaza mechi ileile, timu yake inaporomoka masikioni mwake, na uwanja mzima unamzomea yeye. Mwishowe walinzi wa uwanja wakamtoa wakiwa wamemfunika asijulikane, kwa usalama wake.

Kesho yake magazeti yakachapa jina lake. Polisi wakalazimika kulinda nyumbani kwao. Akatoa taarifa kwa maandishi kuomba radhi, akieleza kuwa macho yake yalikuwa kwenye mpira tu na hakumuona Alou. Klabu nayo ikatoa tamko kuwakumbusha watu kwamba mechi inaamuliwa uwanjani, siyo jukwaani. Nani alikuwa anasikiliza?

Wakubwa nao wakaingia kwenye utani. Gavana wa Florida, Jeb Bush, akasema anaweza kumpa hifadhi kwenye jimbo lake. Gavana wa Illinois wakati huo, Rod Blagojevich, akatania kwamba huyo jamaa akifanya kosa asitegemee msamaha wake. Dunia duara. Miaka michache baadaye Blagojevich mwenyewe akafungwa kwa kesi za rushwa, na mwaka 2020 ni Rais aliyemfupishia kifungo. Aliyetania kuhusu msamaha akaja kuuhitaji.

Mashabiki wa Florida wakamtumia jamaa zawadi kwa furaha. Akaomba zipelekwe kwenye shirika linalosaidia utafiti wa ugonjwa wa kisukari. Akakataa mahojiano, akakataa pesa za matangazo. Hakuandika kitabu. Hakuuza hata picha. Alinyamaza.

KUMBE KULIKUWA NA MECHI NYINGINE

Hapa ndo penye kitu ambacho wengi hawakijui. Mechi ile ya 14 Oktoba haikuwatoa Cubs. Matokeo yalikuwa 3-3 kwa mechi, na mechi ya saba ilichezwa kesho yake, uwanja uleule, mashabiki walewale. Mrushaji wao mkubwa mwingine, Kerry Wood, hata alipiga mwenyewe mpira ukaenda jukwaani, na kuna wakati Cubs waliongoza 5-3.

Wakafungwa 9-6.

Siku hiyo jamaa wa hedifoni hakuwepo uwanjani. Hakuna mkono wa shabiki ulioingia. Walirusha vibaya na wakazidiwa, basi. Marlins wakaenda World Series wakawapiga New York Yankees mechi 4 kwa 2. Lakini muulize mtu aliyekuwa Chicago mwaka ule, hakumbuki mechi ya saba. Anakumbuka mkono.

Kwa nini? Kwa sababu mechi ya saba haina mtu mmoja wa kumlaumu. Kusema "timu yangu ilikuwa mbele mara mbili ikashindwa kumaliza" ni kauli nzito kuimeza. Inakurudia wewe uliyewapenda. Kusema "yule mjinga kagusa mpira" ni nyepesi, inatoka mdomoni haraka, na kila mtu anaitikia. Mtu wa Simba au Yanga hahitaji kuelezwa hili mara mbili. Kuna mechi ambayo timu nzima ilicheza hovyo dakika 90, lakini jina linalobaki ni la beki mmoja.

MPIRA UKAUAWA, HALAFU UKALIWA

Mpira wenyewe ulikwenda wapi? Uliokotwa na mtazamaji mwingine aliyekuwa karibu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule ukauzwa mnadani kwa zaidi ya dola 113,000. Yaani watu wawili wamekaa jirani, mpira mmoja: mmoja akapata pesa, mwingine akapata polisi mlangoni.

Walionunua ni kampuni ya migahawa ya Harry Caray's ya Chicago, yenye jina la mtangazaji maarufu wa Cubs aliyefariki mwaka 1998. Tarehe 26 Februari 2004 wakaita umati na kamera za TV, wakamleta mtaalamu wa milipuko ya filamu, wakaulipua mpira hadharani. Watu wakashangilia kama kombe limerudi. Mwaka uliofuata mabaki yake yakachemshwa, mvuke wake ukatumika kwenye rojo ya tambi, na mashabiki wakala. Hii siyo chai, ilitokea kweli.

Unaweza kucheka, na ni ya kuchekesha. Lakini ndani yake kuna watu wanaohangaika kupona. Walioumia kwa miaka 95 walihitaji kufanya kitu kwa mikono yao, na kulipua mpira ni bora mara mia kuliko kumrushia mtu bia. Tatizo ni kwamba dawa haikushika. Msimu wa 2004 wakaporomoka mwishoni. Mwaka 2007 wakaingia mtoano wakatolewa mechi 3 kwa 0. Mwaka 2008 hivyohivyo, 3 kwa 0. Mpira umeshaliwa, jamaa kajificha, na timu bado inafungwa. Hapo ulitegemea watu wajiulize maswali. Wengine walianza kujiuliza. Mwaka 2011 ikatoka filamu ya matukio halisi ya mtayarishaji Alex Gibney, na wengi walipouona umati ule kwenye kioo, sauti ile ya matusi, waliona aibu. Wachache walijitambua.

BOSTON NAYO ILIKUWA NA WAKE

Chicago hawakuwa peke yao. Kumbuka yule Leon Durham wa 1984 aliyepitwa na mpira miguuni. Durham alipewa nafasi ile baada ya Cubs kumuuza mwaka uleule mlinzi wao wa kituo cha kwanza, Bill Buckner, kwenda Boston Red Sox.

Miaka miwili baadaye, 25 Oktoba 1986, Buckner yuko World Series na Boston, timu nyingine iliyokuwa na ukame, wao tangu 1918. Wanaongoza mechi 3 kwa 2 dhidi ya New York Mets, wamebakiza kidogo sana kubeba. Mets wakasawazisha 5-5. Halafu ukaja mpira mwepesi wa chini, ukapita katikati ya miguu ya Buckner. Kama Durham kabisa. Mets wakashinda, na kwenye mechi ya saba Boston waliongoza 3-0 wakafungwa 8-5.

Umeona mfanano? Matokeo yalikuwa yameshasawazishwa kabla mpira haujamfikia Buckner, na mechi ya saba ilikuwepo. Lakini mzigo wote ulikuwa wake. Akatukanwa, akatishiwa maisha, baadaye akahamia mbali na Boston na familia yake. Wapo waliomshangilia miaka iliyofuata, ila jeraha halikufungwa mpaka tarehe 8 Aprili 2008, alipoalikwa kurusha mpira wa ufunguzi wa msimu nyumbani kwa Red Sox. Uwanja mzima ukasimama ukampigia makofi, na mzee wa watu akafuta machozi. Alifariki mwaka 2019.

Lakini angalia tarehe. Red Sox walichukua ubingwa 2004, wakachukua tena 2007. Makofi makubwa yakaja 2008. Watu walimsamehe vizuri baada ya kushiba.

NOVEMBA 2016

Zamu ya Chicago ikafika. Oktoba 2016 Cubs wakaingia World Series kwa mara ya kwanza tangu 1945, dhidi ya timu ya Cleveland. Wakajikuta nyuma mechi 3 kwa 1. Wakashinda mbili mfululizo. Mechi ya saba, Cleveland, 2 Novemba. Ngwe ya nane, Cubs wanaongoza 6-3, wamebakiza kutoa watu wanne tu. Watu wanne! Na hapo hapo Cleveland wakasawazisha, 6-6. Kuna watu Chicago walizima TV, siyo kwa hasira, kwa woga. Mwili ulikuwa unakumbuka 2003.

Ngwe 9 zikaisha sare. Mvua ikanyesha, mechi ikasimama dakika 17. Ikarudi, ngwe ya 10, Ben Zobrist akapiga, Cubs wakashinda 8-7. Miaka 108 ikaisha usiku wa manane.

Na unajua mashabiki walifanya nini? Wiki ile walikwenda Wrigley Field na chaki. Kwenye kuta za nje za uwanja wakaandika majina. Siyo ya wachezaji. Majina ya baba, mama, babu na bibi waliokufa wakisubiri. Ukuta mrefu ukajaa mpaka watu wakawa wanapandishana mabegani kutafuta nafasi juu. Wengine walikwenda makaburini kuweka bendera na kofia. Mwanaume mmoja aliendesha gari kutoka North Carolina mpaka Indiana, akakaa kwenye kaburi la baba yake na redio, akasikiliza naye mechi ya saba, kwa sababu waliahidiana kusikiliza pamoja siku Cubs wakifika huko.

Hapo ndo inaonekana kilichokuwa kinawauma miaka yote ile. Mwaka 2003 shabiki wa miaka 60 hakulia kwa ajili ya mpira ulioguswa. Alilia kwa sababu mzee wake alikuwa hospitali, au ameshazikwa, na "mwakani" hayupo tena. Huzuni ya msiba ilivaa jezi. Na kwa sababu hakuna aliyeisema kwa jina lake, ikatoka kama matusi kwa kijana aliyekaa safu ya mbele na redio yake.

PETE

Jamaa wa hedifoni hakwenda kwenye paredi ya ubingwa. Msemaji wake alieleza kuwa hakutaka kuwavurugia wachezaji siku yao. Tarehe 31 Julai 2017 klabu ikampa pete ya ubingwa, ileile ya wachezaji, ambayo ndani yake imechorwa kichwa cha mbuzi. Akaipokea kimyakimya. Kwenye taarifa yake alisema hajioni kama anastahili heshima hiyo, ila anatumaini kisa chake kitawakumbusha watu kuwa michezo ni burudani, na kwamba siyo sawa kumfanya mtu mmoja mbuzi wa kafara.

Pete ni kitu kizuri, na klabu ilifanya la maana. Lakini tarehe nazo zinasema. Ilikuja miezi tisa baada ya kombe, siyo miaka kumi na tatu kabla. Kama Cubs wangefungwa mvua ile, je, angepewa? Buckner naye, bila 2004, angesimamiwa na uwanja mzima? Msamaha wa mtu aliyeshinda hauna gharama. Ulihitajika asubuhi ya tarehe 15 Oktoba 2003, wakati moyo bado unavuja. Aliyeuonyesha uungwana siku hiyo ni mmoja tu, yeye mwenyewe, aliyeomba radhi kwa kosa ambalo watu kadhaa waliomzunguka walinyoosha mikono kulifanya, na hakumtupia lawama Gonzalez, wala Prior, wala kocha.

Na usiku ule Chicago walipokuwa wanaruka mitaani, kule Cleveland watu walikuwa wanatembea kwenye mvua kimya kuelekea kwenye magari yao. Waliongoza mechi 3 kwa 1 wakapoteza. Timu yao haijachukua ubingwa tangu 1948. Uchungu haukuisha usiku ule, ulihamia mji mwingine tu.

Sasa wewe mdau, timu yako ikitolewa kwa kosa la mtu mmoja, unamwandikia nini usiku uleule, kabla hujalala? Na yupo uliyewahi kumtukana ambaye leo ungemwomba radhi? Funguka hapo chini.